Nyumba za malezi kwa watoto wenye usonji: amana hii tunamkabidhi nani?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, maswali yanayotufikia kuhusu watoto wenye usonji yamebadilika. Zamani mzazi alikuwa akija kuuliza kama mwanawe ana jini, au kama amefanyiwa jambo. Swali hilo bado lipo, lakini siku hizi linakuja na jengine zito zaidi: inajuzu kumpeleka mtoto akalelewe kwenye nyumba maalumu, akae huko huko, alale huko, mzazi awe anakwenda kumtazama tu? Linatoka pande mbili. Wapo ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanaoishi Uingereza, ambao halmashauri ya mji wao imewaambia kuwa kijana wao amewashinda nyumbani na kuna mahala anaweza kupelekwa. Na wapo walio hapa hapa, mama wa Makunduchi au wa Wete, mtoto ameshafika miaka kumi na mbili, halali usiku, akitoka nje anakimbilia kisimani au pwani, na baba ameshaondoka. Mama huyo hana anachokitaka kikubwa. Anataka alale usiku mmoja.

Hatutaki kumjibu mtu kama huyu kwa neno moja la halali au haramu. Hukumu ya jambo ni tawi la kulielewa lenyewe, ndivyo tulivyosomeshwa. Kwa hiyo tuanze na yaliyotokea kwenye nchi ambayo nyumba hizi zipo kwa wingi na sheria zake zimeandikwa zikaandikika.

Doncaster ni mji wa kaskazini mwa England, huko Yorkshire. Palikuwa na nyumba tatu, Fullerton House, Wilsic Hall na Wheatley House, zikiendeshwa na kampuni binafsi iitwayo Hesley. Zilikuwa ni skuli na dakhalia kwa pamoja, kwa watoto wenye ulemavu mzito. Wengi wao wana usonji, na wengi hawawezi kusema kwa ulimi wao kilichowafika. Baina ya Januari 2018 na Machi 2021 walipita humo watoto na vijana 108, waliopelekwa na halmashauri 55 za sehemu mbalimbali za nchi, kwa gharama inayokaribia pauni robo milioni kwa mtoto mmoja kwa mwaka. Tumeitaja pesa kwa makusudi, kwa sababu sisi watu wa visiwani tuna mazoea ya kudhani kuwa dhulma inatokana na ufukara. Hapo hapakuwa na ufukara.

Oktoba 2022 jopo la kitaifa linalochunguza usalama wa watoto lilitoa ripoti yake ya kwanza juu ya nyumba hizo, na ya pili ikafuata Aprili 2023. Yaliyomo ni ya kusikitisha: watoto kupigwa, kutelekezwa, kudhalilishwa, kushikwa na kubanwa kwa nguvu kupita haja, dawa kutumiwa vibaya. Shirika la BBC nalo likaripoti, kutokana na nyaraka ilizozipata, kuwa wapo waliopigwa ngumi na mateke, waliofungiwa nje bila ya nguo kwenye baridi, na waliomwagiwa siki juu ya vidonda. Lahaula wala quwwata illa billah.

Lakini kilichotufanya tuandike si unyama huo peke yake. Unyama upo duniani tangu Qabili. Kilichotushughulisha ni kuwa nyumba zile zilikuwa na leseni, zilikuwa na mameneja waliosajiliwa, na muda ule ule watoto wakiteswa, Ofsted, ambayo ni taasisi ya serikali inayokagua skuli na nyumba za watoto, ilikuwa imezipa daraja ya "Nzuri". Mzazi aliyetaka kujiridhisha alifungua ripoti ya ukaguzi akasoma neno hilo, akamwacha mwanawe na moyo wake umetulia.

Basi viwango havikuwepo? Vilikuwepo, tena vizuri. England ina kanuni za nyumba za watoto za mwaka 2015, zenye viwango tisa vya ubora. Tumezisoma na tunakiri kuwa mengi ndani yake yanaafikiana na yale ambayo mafakihi wetu wanayataka kwa mlezi. Kanuni zinakataza adhabu ya viboko. Zinakataza kumnyima mtoto chakula, maji, usingizi au dawa yake kwa kumtia adabu. Zinakataza kumzuilia asiwasiliane na wazazi wake kuwa ni adhabu. Kumshika mtoto kwa nguvu kumeruhusiwa pale tu panapokhofiwa atajiumiza, ataumiza mwenziwe au ataharibu mali uharibifu mkubwa, na hata hapo nguvu yenyewe isizidi kiasi. Kila tukio la namna hiyo liandikwe ndani ya saa 24, limetokea wapi, limechukua muda gani, nani alikuwepo, na ndani ya siku tano mtoto mwenyewe awe ameulizwa. Aidha, mtu wa nje asiyekuwa muajiriwa wa pale azuru nyumba angalau mara moja kila mwezi, azungumze na watoto, aandike alichokiona.

Hebu turudi kwenye lile sharti la kumuuliza mtoto. Kwa mtoto mwengine ni sharti zuri sana. Kwa mtoto mwenye usonji asiyesema, anaulizwa vipi? Wapo watoto wanaozungumza kwa kuonesha picha, wapo wanaotumia ishara za mikono, wapo wanaobonyeza maneno kwenye kishikwambi, na wapo ambao lugha yao ni kumkokota mtu mkono mpaka mlangoni. Ikiwa mfanyakazi wa zamu hajui lugha ya mtoto huyo, basi pale kwenye fomu ataandika "amezungumzwa naye", na kanuni imetimia juu ya karatasi. Mkaguzi akija anakuta karatasi imejazwa. Na mtoto anayemkimbia mfanyakazi fulani kila amuonapo, au anayejigonga kichwa ukutani kila ikifika magharibi, anaambiwa ndivyo alivyo, ndio usonji wake huo.

Hapa ndipo penye shina la tatizo. Ripoti zimeeleza mengine pia: wafanyakazi wanaoingia na kutoka bila ya kudumu, mafunzo duni, uongozi usiowajibika, malalamiko yaliyoshughulikiwa moja moja bila ya mtu kuyaweka pamoja akaona sura yake, na halmashauri zilizolipa pesa kisha zikawa mbali. Yote yana uzito. Lakini yote yaliwezekana kwa sababu shahidi mkuu alichukuliwa kuwa hana ushahidi.

Fiqhi yetu ina la kusema hapa. Kanuni mashuhuri ya mafakihi ni kuwa ishara ya bubu inayofahamika inashika mahala pa tamko la ulimi. Kwa ishara hiyo anauza, ananunua na anaoa. Ikiwa wanavyuoni walimkubalia mtu asiyesema afunge ndoa kwa ishara, vipi sisi tukatae ishara ya mtoto anayelia kila akirejeshwa mahala fulani? Kwa hiyo kiwango cha kwanza tunachokitaka kwa nyumba yoyote itakayowachukua watoto hawa, kabla ya vitanda na kabla ya uzio, ni kuwa kila anayemhudumia mtoto aijue lugha ya mtoto huyo, na kila tabia mpya au jeraha jipya lichukuliwe kuwa ni habari inayotafutiwa maelezo.

Ama hukumu yenyewe. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameieleza hadhana kuwa ni kumhifadhi asiyeweza kujitegemea na kumlea kwa yale yanayomfaa. Tazama walivyosema: asiyeweza kujitegemea. Hawakuifunga kwenye umri. Ndio maana wakataja kuwa hata mtu mzima aliyeondokewa na akili anaingia kwenye hadhana. Mtoto wa kawaida akifika umri wa kupambanua, aghlabu miaka saba, hukumu zake hubadilika. Mtoto mwenye usonji mzito huenda akafika miaka kumi na tano na bado haki yake ya kulelewa iko pale pale. Wengine wana usonji na akili zao ni kali kuliko za wanaowalea, hao wana hukumu yao na tusiwachanganye.

Mwenye hadhana amewekewa masharti, miongoni mwao akili, uadilifu, uaminifu na uwezo wa kuitekeleza kazi yenyewe. Mama ndiye wa mwanzo katika haki hii. Hata hivyo, mama akishindwa kwa udhuru wa kweli hajapata dhambi, na aya ya 233 ya Suratul Baqara imetuelekeza kuwa mama asidhuriwe kwa sababu ya mwanawe. Tunawaomba wanaume waisome vyema aya hiyo, maana baadhi yao huinukuu kwenye mambo ya matumizi tu. Jukumu likimzidi, kwanza linahamia kwa jamaa: bibi, khalati, shangazi, baba. Wakikosekana au wakishindwa, inajuzu kumpeleka mtoto kwa mlezi wa kulipwa, na nyumba ya malezi ni mlezi wa kulipwa. Anayelipwa ni muaminifu aliyekabidhiwa amana. Akivuka mipaka au akizembea, anabeba dhamana ya alichokiharibu. Na mzazi naye hajavuliwa mzigo kwa kutia saini. Uwalii haukodishwi.

Kwa hiyo jawabu letu kwa wanaouliza ni kuwa inajuzu kwa haja, na haja ikiondoka mtoto arudi. Ile "haja ikiondoka" si pambo. Mkataba wa kimataifa wa haki za mtoto, ambao nchi yetu imeuridhia tangu 1991, una kifungu cha 25 kinachompa mtoto aliyewekwa nje ya nyumba yao haki ya kuangaliwa upya mara kwa mara kama bado pale panamfaa. Mtoto anapelekwa akiwa na miaka tisa kwa sababu halali usiku. Akifika kumi na moja ameanza kulala, lakini hakuna anayeuliza kwa nini bado yuko kule.

Kwa ndugu zetu walioko England tuna maneno mahsusi, kwa sababu wengi wanatia saini bila ya kujua wanachokitia. Chini ya sheria ya watoto ya mwaka 1989, kuna tofauti kubwa baina ya mtoto aliyepelekwa kwa ridhaa yenu kupitia kifungu cha 20 na mtoto aliyechukuliwa kwa amri ya mahkama. Kwa kifungu cha 20, mwenye mamlaka ya uzazi anaweza, kwa asili ya sheria, kumtoa mtoto wakati wowote. Kwa amri ya mahkama hawezi, lakini hata hapo halmashauri haina ruhusa ya kumlea mtoto kwenye dini isiyokuwa ile ambayo angelelewa nayo. Na kwa hali zote halmashauri inatakiwa izingatie dini, asili na lugha ya mtoto inapoamua lolote juu yake. Kwa hiyo mkidai chakula cha halali, mkidai binti yenu aogeshwe na kusafishwa na mwanamke, mkidai aendelee kusikia Kiswahili, hamuombi fadhila. Andikeni kwenye mpango wa matunzo tangu siku ya kwanza. Suala la lugha tunalisisitiza. Mtoto ambaye maneno manne tu anayoyajua ni ya Kiswahili, "maji", "basi", "nyumbani" na "mama", akipelekwa mahala ambapo hakuna anayeyajua maneno hayo, amefanywa bubu mara ya pili.

Msikubali pia masafa bila ya sababu nzito. Wengi wa watoto wa Doncaster walikuwa mbali sana na kwao. Mzazi anayefika mara moja kwa miezi miwili, kwa ahadi na kwa saa maalumu, anaoneshwa mtoto aliyeogeshwa na kuvishwa. Anayeweza kufika Jumatano jioni bila ya kutarajiwa anauona ukweli. Na dawa za kutuliza: ulizeni jina lake, nani kaandika, kwa sababu gani, na lini itaangaliwa upya. Muongozo wa afya wa nchi hiyo unasema dawa za aina hii zisitumike kwa kuutibu usonji wenyewe, na zikitumika kwa tabia ngumu ziangaliwe baada ya wiki tatu au nne na ziachwe zisipoonesha faida ifikapo wiki ya sita. Mtoto aliyekaa nazo mwaka bila ya mapitio ametulizwa kwa ajili ya raha ya wengine.

Sasa tuje nyumbani, na hapa wengine watatukasirikia.

Mtu atasema: hayo ni ya England, sisi hatuna nyumba hizo. Ni kweli kwamba hatuna nyumba nyingi zenye kibao mlangoni. Tunayo Mazizini ya serikali, tunao SOS, na hizo zina watoto wa kila namna. Lakini mtoto mwenye usonji wa visiwani naye hulazwa nje ya nyumba yao. Hupelekwa kwa jamaa shamba akafichwa. Hupelekwa kwenye dakhalia za madrasa. Hupelekwa kwenye nyumba za kisomo, wiki nne, miezi mitatu, mpaka jini litoke. Hizo nazo ni nyumba za malezi, na kwetu hazina kanuni tisa wala kanuni moja.

Tumeletewa mtoto aliyekuwa akinywa dawa ya kifafa, maana kifafa huandamana na usonji kwa watoto wengi. Alipopelekwa kwenye kisomo wazazi waliambiwa dawa isimamishwe ili kombe lifanye kazi. Dawa ya kifafa haikatwi ghafla. Degedege lilimshika mfululizo usiku, na mtoto aliyerudi kwa wazazi wake sie yule waliyempeleka. Hatutaji mtu wala mahala. Ila tunasema wazi kuwa aliyetoa amri ile alivuka mipaka, na mwenye kutibu bila ya kuwa na elimu ya utibabu anabeba dhamana kwa itifaki ya wanavyuoni, hata kama alikuwa na nia njema na hata kama alikuwa akisoma Qur'an.

Ruqya ni sunna, hatuipingi. Kumsomea mtoto Fatiha, Ayatul Kursi na Muawwidhat, kwa sauti ya upole, akiwa mapajani mwa mama yake, ni kheri na baraka. Kumfunga kamba, kumkosesha chakula, kumfukizia ubani mpaka akakosa pumzi na kumpiga eti anapigwa jini, hayo hayamo kwenye ruqya. Na tukumbuke kuwa mtoto mwenye usonji mara nyingi masikio na ngozi yake vinahisi kuliko vyetu. Sauti inayokufanya wewe utikise kichwa kwa raha inaweza kwake kuwa mfano wa msumari. Akipiga makelele msomaji anasema, "Mnaona, jini limeanza kuteseka." Anayeteseka ni mtoto.

Walimu wetu wa madrasa nao wana mtihani mgumu, na tunawaambia kwa mapenzi kwa sababu sisi tumetoka humo humo. Mzazi anamleta mtoto asiyesema wala asiyekaa kitako, anasema, "Mwalimu, nyama yako, mifupa yangu." Mwalimu anaona haya kukataa. Methali ya mchelea mwana kulia hulia yeye inatajwa, bakora inachukuliwa. Lakini adabu sharti lake ni kuwa anayeadabishwa anafahamu kwa nini. Kalamu imeinuliwa kwa mtoto mpaka abaleghe na kwa asiye na akili mpaka apate akili. Hayo yamo kwenye hadithi inayojulikana na kila mwanafunzi. Ikiwa Mola wake hamuandikii kosa, wewe unamchapa kwa kosa gani? Mwalimu asiyekuwa na uwezo wa kumlea mtoto huyu na aseme. Kukataa amana usiyoiweza ni uaminifu, na ni bora kuliko kuipokea.

Tunaelewa kuwa mzazi hana pa kwenda. Ndio maana hatusemi dakhalia hizi na nyumba hizi zifungwe kesho. Tunasema zitazamwe. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Nambari 6 ya mwaka 2011, inamlinda mtoto wetu popote alipo, na maafisa wa ustawi wa jamii wapo. Sheha anajua kila nyumba kwenye shehia yake inayolaza watoto wasiokuwa wa pale. Tusijidanganye kuwa hajui. Ofisi ya Mufti ina uhusiano na madrasa zetu. Kinachokosekana ni watu hawa watatu kukaa pamoja wakaandika masharti machache yanayotekelezeka, badala ya kuchukua kanuni za England na kuzitafsiri kurasa mia halafu zikawekwa kabatini.

Kwa maoni yetu machache hayo yaanze na mlango. Mzazi aweze kuingia wakati wowote, mchana au usiku, bila ya taarifa, na nyumba inayokataa hilo isiruhusiwe kulaza mtoto asiyesema. Kisha pawepo na daftari moja, si kumi, ambamo kila jeraha, kila kushikwa kwa nguvu na kila dawa vinaandikwa siku ile ile na mzazi anasoma na kutia saini. Usiku wawepo watu wazima wawili walio macho, kamwe asiwe mmoja peke yake na watoto, na watoto wa kike wawe na wahudumu wa kike. Asiajiriwe mtu kabla ya kuulizwa alikotoka na kwa nini aliondoka. Mtu mwenye tabia mbaya hufuata pale penye watoto wasioweza kusema, na kilemba hakimbadilishi. Na sisi tumezungukwa na maji: visima vifunikwe, na nyumba isiyokuwa na uzio isiwe karibu na pwani, kwa sababu watoto hawa huvutwa na maji na kuzama ni moja ya mambo yanayowaua zaidi wanapotoroka.

Anayeona kuwa ukaguzi ni mambo ya kizungu asome Al-Ahkam as-Sultaniyya ya Imam al-Mawardi, mwanachuoni wa Kishafi aliyefariki mwaka 1058. Katika mlango wa hisba amewataja matabibu na walimu wa watoto miongoni mwa wale ambao muhtasib anatakiwa kuwasimamia, na asiyefaa azuiliwe, kwa sababu kosa lao linaingia kwenye roho za watu na katika makuzi ya watoto. Historia inataja kuwa khalifa al-Walid bin Abdul Malik aliwawekea vipofu watu wa kuwaongoza na wasiojiweza watu wa kuwahudumia, kwa gharama ya hazina. Na Cairo, katika miaka ya 1280, Sultan Qalawun alijenga hospitali iliyoendeshwa kwa wakfu, yenye sehemu za wanaume na wanawake, iliyopokea na wagonjwa wa akili. Hata ile siku ya kimataifa ya usonji, tarehe 2 Aprili, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2007, pendekezo lake lilitoka Qatar.

Limebaki suala la pesa, ambalo tumeulizwa na ndugu mmoja wa Oman anayetaka kusaidia. Je, zaka inafaa kujengea nyumba ya watoto wenye usonji? Kwa madhehebu yetu zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Suratut Tawba, na inamilikishwa mtu, haimilikishwi ukuta. Kwa hiyo jengo, uzio na vitanda vitoke kwenye sadaka na wakfu, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ndiyo mahala pa kuandikisha wakfu wa namna hiyo ili usije ukawa mali ya mtu. Ama mtoto ambaye yeye na wazazi wake ni mafakiri, anapewa zaka kwa jina lake, anapokea walii wake kwa niaba yake, na walii anaweza kulipia matunzo, dawa na nauli ya kwenda kumzuru. Nauli hiyo tunaitaja kwa sababu wafadhili huisahau. Mama wa Micheweni asiyekuwa na nauli hawezi kufika Jumatano jioni bila ya kutarajiwa. Na kama fedha ni kidogo, rai yetu ni kuanza na mtu wa kumsaidia mama huyo nyumbani kwake siku mbili kwa wiki, kabla ya kuweka tofali la kwanza la nyumba yoyote. Watoto wengi wasingehitaji kutoka kwao lau mama angepata usiku mmoja wa kulala.

Wallahu a'lam.